Ukurasa Ambao Baba Hakuuelewa

Mwanangu, siku ninayoikumbuka bila kupenda ni ile tuliyopangiwa meza ukumbini, chuoni kwetu pale Moshi mjini, kila mwanafunzi na jalada lake la kazi. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya ufundi wa maji. Nasema bila haya kwamba kwa mikono hakuna aliyenishinda. Bomba nililounga mimi halikuvuja, na mengine yanapitisha maji mpaka leo.

Jalada hilo lilikuwa la somo la uandishi wa kiufundi. Mkufunzi wetu, mama mmoja mkali wa Rau, alituagiza tangu mwanzo tuweke humo kila tulichoandika: maelekezo kwa mtumiaji, ripoti za matengenezo, michoro na maelezo yake. Tuweke hata rasimu mbovu, na kando yake tuandike nani aliisoma na alikwama wapi. Mficha uchi hazai, alikuwa akituambia, na sisi wavulana tukicheka. Rasimu zangu nilizitupa zote. Nilibakiza kurasa safi zilizopigwa chapa, na picha zangu nimevaa kofia ngumu, nimeegemea pampu kana kwamba ni mimi niliyeizaa.

Siku hiyo alikuja msimamizi wa mradi wa maji uliokuwa unaanza kwetu mlimani. Mradi ungejenga upya banio linaloingiza maji ya mto kwenye mfongo wetu, ule mfereji waliouchimba mababu, kisha maji yafike kwa bomba kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba. Alitafuta fundi mmoja tu, na kijiji kizima kilijua fundi huyo ni mimi. Baba alikuwa mmoja wa wazee wa mfongo. Alishuka asubuhi na koti lake la kanisani, aje aone mwanawe akichukuliwa. Habari alikuwa ameshawapa majirani, na mama alikuwa ameinjika ndizi za wageni.

Msimamizi alizipita picha zangu haraka, kama mtu anayefukuza nzi. Akasimama kwenye ukurasa wa kusafisha chujio la banio, kazi ambayo tulipewa darasa zima. Nilikuwa nimeandika hivi: “Mtumiaji ahakikishe usitishwaji wa utiririko kabla ya uondoaji wa mashapo kupitia kitoleo husika.” Nilijivunia sentensi hiyo. Niliona imevaa suti.

Akamgeukia baba.

“Shikamoo mzee. Nasikia wewe ni wa mfongo. Hebu soma hapa, halafu unionyeshe kwa mikono utafanyaje.”

Baba alijua kusoma. Ndiye aliyesoma neno kanisani kwetu, na waliokaa nyuma kabisa walimsikia. Akaisoma sentensi yangu yote kwa sauti ileile, bila kujikwaa. Kisha mikono yake ikainuka, ikabaki hewani. Akanitazama. Nikafungua mdomo nimsaidie, lakini msimamizi akanizuia. Alisema siku mvua itakapoleta tope, fundi hatakuwepo kumnong'oneza mtu.

Wakahamia meza ya pili, ya Aikaruwa, binti wa Njoro. Huyu mabomba yake niliyaunga upya mimi, tena si mara moja. Jalada lake lilikuwa nene na bovu kama kabeji iliyoliwa na wadudu. Rasimu ya kwanza ilijaa wino mwekundu, na kando ameandika kwamba shangazi yake aliifuata akafungua koki ya tope kwanza, akalowa mpaka kiunoni. Rasimu ya pili aliipandisha mlimani kwa wazee wa mfongo mwingine, wakamcheka na kumrekebisha. Ya mwisho ilisema: “Funga lango la maji. Chomeka jani la isale juu yake, mwenzako asije akalifungua. Sasa fungua koki ya tope.”

Isale, mwanangu! Mlimani hata mtoto anajua kwamba jani hilo likiwekwa mahali, mkono haupiti. Mimi niliyezaliwa katikati ya masale sikulifikiria, nikaachwa na binti wa mjini aliyekubali kuuliza.

Baba alisoma, na mikono yake ikaenda yenyewe. Akafunga, akachomeka, akafungua. Akajifuta hata tope ambalo halikuwepo.

“Hii ya binti naielewa,” akasema.

Hakuulizwa lingine. Kazi ikaenda kwa Aikaruwa, kwa kinywa cha baba yangu mzazi.

Tulipanda nyumbani. Karibu na geti ndipo aliponiambia, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira: “Nilikusomesha kwa kuuza maziwa ili uje unieleze mambo. Umerudi unaongea ili nisikuelewe.” Ndani, ndizi za wageni tulizila wenyewe.

Haukupita muda nikavuka mpaka pale Holili, nikaenda kutafuta huko ng'ambo. Nilirudi nikiwa mtu. Nyumba yangu mnaiona kutoka barabarani, mitambo yangu inachimba visima, na hakuna mkono ulionibeba. Aikaruwa hata leo nitamshinda kuunga bomba. Lakini kila nikishuka kwenye banio nayakuta maneno yake ukutani. Wazee huyapaka rangi upya kila yakififia. Baba alizeeka akiwasomea vijana maneno hayo masika yalipokaribia. Nami nilipojua kuandika ukurasa wa kueleweka, macho yake yalikuwa yameshakwisha. Amezikwa kihambani bila kuelewa hata ukurasa mmoja wa mwanawe mwenye stashahada.

Wanasema kizuri chajiuza. Wamenidanganya. Kizuri kisichoelezwa hukaa sokoni mpaka jioni, kikarudi nyumbani na mwenyewe.

Basi wewe unayeniletea jalada lako kwenye simu, picha baada ya picha umevaa kofia ngumu, nisikilize. Andika kila kazi uliyoifanya. Mpe aisome mtu atakayeitumia, ukae kando umtazame mikono, mdomo wako ukiwa umefungwa. Alipokwama, papo hapo rekebisha, na rasimu mbovu usiitupe. Atakayekuajiri anataka kuona umetoka wapi. Na kabla ya yote, mpelekee aliyekusomesha.

Mungu akupe mikono isiyovuja, na maneno yafikayo kama maji ya mfongo, mpaka kihamba cha mwisho. Na mzazi wako akusome, akuelewe, angali anaona.