Mzee Aliyesoma Namba za Chujio

Nimemshukuru Mzee Mizote Kanematsu mara nyingi, na kila mara hukunja uso kama mtu aliyelishwa limau. Basi leo namshukuru kwa kalamu, nione atanikatizaje.

Kazi yake ilikuwa kuzipaka mashine oili katika meli yetu, Tamae Maru, iliyobeba mawe ya chokaa kutoka Tsukumi kwenda Osaka, huko Japani. Mume wangu Yasuji alikuwa nahodha, mimi fundi mkuu wa injini. Mume akikaa juu kwenye usukani na mke chini kwenye mashine, ndoa hudumu, maana hamsikilizani kabisa.

Kwa miaka mingi Mizote alifungua machujio ya oili kwa mkono na kuyasugua ndani ya ndoo ya mafuta ya taa. Mwaka wake wa mwisho nasi tukafunga chujio linalojisafisha. Ndani yake mna mirija ya wavu mwembamba. Oili hupita, uchafu hunasa nje. Uchafu ukizidi na oili ikaanza kupita kwa shida, chujio hufunga mirija michache, huku mingine ikiendelea na kazi, kisha huirudisha oili safi kinyumenyume, kutoka ndani kwenda nje. Uchafu hung'oka na kuteremka kwenye tangi la taka. Injini haisimami, wala mtu hagusi kitu. Kila likijiosha, namba iliyo ubavuni huongezeka moja. Tukamwambia Mizote kwa adabu zote kwamba mwisho wa mwezi anaweza kwenda kupumzika kwake Imabari.

Kwenye meli zetu, ukikagua kitu unakinyooshea kidole na kukitaja kwa sauti. Maji, sawa. Joto, sawa. Tukifika kwenye chujio jipya sote tulisema "Chujio, sawa" na kupita. Mizote peke yake aliinama akasoma: "Chujio, tangu jana mara sita." Kesho yake mara saba. Kuroiwa, baharia wetu, alimbatiza jina la Mnadi Samaki, na mimi nilicheka kuliko wote.

Asubuhi moja ya Aprili tulikuwa tumebakiza saa moja kuingia mlango wa bahari wa Kurushima. Mkondo wa pale hugeuka kwa saa zake na una nguvu ya kuigeuza meli ubavu, na siku ile tulikuwa tumeuwahi ukielekea tuendako. Mizote akanyoosha kidole. "Chujio, tangu jana mara arobaini na moja."

"Si ndiyo kazi yake, Mzee?" nikamwambia. "Tumelinunua lijisafishe, linajisafisha. Presha ya oili hii hapa, haijatikisika."

"Mama Fundi, nyumba ikifagiliwa mara arobaini kwa siku, usikae unamsifu mwenye ufagio. Uliza nani anaichafua."

Nilikasirika. Nikamwambia, na naona haya kuandika, kwamba ana kinyongo na chombo kilichomwondoa kazini. Alikwenda kwenye bomba la tangi la taka, akakinga tope kidogo kwenye kitambaa cheupe, akalitandaza na kunisogezea chini ya taa. Palikuwa na chembe zinazong'aa kama magamba ya dagaa. Ile ilikuwa metali ya beringi, kikalio cha chuma laini ambamo mhimili wa injini huzunguka. Injini yetu ilikuwa inajila yenyewe, na chujio, kwa uhodari wake, lilikuwa linatufichia.

Nikampigia simu Yasuji juu asiingie Kurushima. Akaanza kulalamika kwamba mkondo utatupita.

"Mkondo utarudi," nikamwambia. "Sisi hatutarudi."

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mume wangu alinisikia. Tukatia nanga pembeni, tukangoja injini ipoe, tukafungua. Beringi ya pistoni ya tatu ilikuwa imeanza kuyeyuka. Saa moja zaidi injini ingekwama katikati ya ule mkondo, mawe tumboni, meli za mafuta mbele na nyuma, na watu wanne ndani. Nililia, sifichi.

Kisha nikamwinamia Mzee Mizote palepale kwenye sakafu ya chuma, nikamwomba radhi, nikamsihi abaki nasi mpaka mwenyewe atakapochoka. Akaniambia niinuke, nguo zitaloa oili.

"Nibaki nifanye nini, Mama Fundi? Chombo chenu kizuri, mimi mgongo wangu umekwisha. Sikuwa naogopa kushuka. Nilikuwa naogopa kushuka kabla hujaanza kuuliza."

Mwisho wa mwezi alishuka Imabari na begi moja. Nililibeba mimi mpaka mlangoni kwake.