Samaki wa Fundi Usumani

Tu. Tu-tu. Hivyo ndivyo visamaki vilivyogonga bati la debe nje ya mlango, alfajiri ya kila Jumapili. Umutoni akiamshwa na sauti hiyo alijua baba yake yuko kwenye mkeka anaswali, na kwamba baada ya chai atashuka kutoka mtaa wao wa Gatsata hadi mto Nyabugogo kuvua.

Baba huyo, Usumani, alikuwa fundi cherehani. Alizaliwa pwani, karibu na Pangani, akaletwa Kigali na mjomba wake muuza vitambaa akiwa na miaka kumi na minne. Hakurudi tena. Mali aliyokuja nayo ilikuwa namna ya kuvua: mshipi mkononi bila ufito, chubwi ndogo ya kuuzamisha, na kisamaki hai kilichotungwa mdomo wa juu ili kiendelee kupumua. Kwao walivua hivyo ukingoni mwa mikoko, maji yakijaa, wakimngoja kolekole. Hapa alimpata kambare tu, lakini kambare naye, alisema, hapendi kula maiti.

Na kila aliyemvua alimrudisha majini. Jino la ndoana alilibana kwa koleo lisimchane samaki. Gatsata nzima ilijua, na Ntakirutimana, fundi wa magari wa jirani, hakuchoka kumtania.

"Muzehe iko anaenda kusalimia samaki," alisema. "Siku moja watapanda huku kukurudishia salamu."

Usumani alicheka, akaendelea kukunja pindo. Hakueleza sababu, hata kwa binti yake, na hakuna aliyemshurutisha.

Mwaka 1991 mkewe, Nyirahabimana, alifariki. Arobaini ikapita, Usumani bado anakunywa chai kavu tu. Umutoni alipika wali, akapika uji, akaenda hadi Kibagabaga kutafuta ndizi alizozipenda baba. Mzee alimega tonge mbili, akamshukuru Mungu, akasukuma sahani. Yeye aliyekata suruali za watu zikakaa barabara, sasa yake aliifunga kiunoni kwa kipande cha utepe. Umutoni aliutazama utepe ule, akaogopa kwamba mwaka hautaisha kabla hajawazika wote wawili.

Akaona limebaki jambo moja. Mtu aliyelelewa kwa samaki, huenda akionja mchuzi wa samaki koo litafunguka.

Alikuwa hajawahi kufuatana na baba mtoni. Jumamosi alinunua visamaki hai kwa wanawake wanaolima bondeni, akajaza debe maji, kisha, asije akakosea, akatia viganja viwili vya chumvi. Maisha yake yote alikuwa akisikia habari za chambo cha pwani na maji yake ya chumvi. Kulipopambazuka debe lilikuwa kimya. Akadhani vimelala.

Baba alikubali kwenda kwa kuwa hakuwa na nguvu ya kukataa. Ukingoni alifunua debe, akavitazama vile visamaki vilivyolala ubavu. Akachovya kidole, akakionja.

"Umetia nini humu?"

"Chumvi, Baba. Kama ya bahari."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Umutoni alidhani analia, akamsogelea. Kumbe anacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, anacheka hadi akashika magoti.

"Mwanangu, hawa ni wenyeji wa hapa," alisema. "Umewavisha kanzu ya marehemu mjomba wangu."

Basi wakavua chambo upya, wakishika pembe za kitenge cha Umutoni na kukipitisha chini ya majani. Walipata vitatu. Baba alimwonyesha jinsi ya kutunga, akamzungushia mshipi kwenye kidole cha shahada, akamwambia asubiri bila kuwaza chakula. Hilo la mwisho lilimshinda.

Jua lilikuwa limepanda wakati mshipi ulipomkata kidole. Walivuta wote wawili, na kambare akatoka, mrefu kama mkono hadi kiwikoni, sharubu zikitafuta hewani. Umutoni alikwisha kutandaza gunia. Alisema maneno mengi kwa pamoja: nyanya zipo, pilipili ipo, chungu amekiosha.

"Leo utakula, Baba."

Usumani alilowesha viganja, akachomoa ndoana polepole. Umutoni alimwona akimeza mate. Kisha mzee alichuchumaa, akamteremsha samaki majini, akamshikilia kichwa kikiuelekea mkondo mpaka alipopata pumzi. Akafungua mikono.

Umutoni alilikunja gunia. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta, akauliza kwa nini, kwa nini hata leo.

Baba alibaki amechuchumaa. Alisugua mikono kwa mchanga, akainusa, akaisugua tena. Aliposema, sauti yake ilikaribia kuzidiwa na maji.

"Mama yako hakuiweza harufu ya samaki. Nyumba bado ni yake. Tukifika nipikie maharage, nitakula."