Bi Mwanasiti na Neno Kukana

Siku ya kwanza kukabidhiwa dawati la uraia, Tanga mjini, nilifurahi mpaka nikasahau kula. Nilikuwa nimetoka Horohoro, mpakani, ambako kazi ni kupitisha watu. Mkuu wa Uhamiaji wa Mkoa akaniambia, "Huku hatupitishi mtu. Huku tunamkaribisha akae."

Vijana mnadhani uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba, ni fomu na picha tu. Mwombaji aje na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Litoke tangazo gazetini, mwenye pingamizi aseme. Kisha tumhoji. Ada alilipa benki kwa namba ya malipo, afisa hagusi hata senti, na hilo nililipenda kwa kuwa lilinipunguzia maneno ya watu. Jalada lilipanda mpaka makao makuu, na mwenye kuamua ni Waziri. Kungoja huko kulitaka moyo.

Ombi la Bi Mwanasiti wa Mwera liliporudi limekubaliwa, nilishangilia kuliko yeye. Alizaliwa Lungalunga, upande wa Kenya, akaolewa huko Mwera, wilayani Pangani. Kila kibali chake cha ukaazi kilipokaribia kwisha alikosa usingizi, akiogopa kutenganishwa na wanawe. Ilibaki hatua moja tu, kuukana uraia wa awali. Nikamsomea tamko. Akaweka kalamu chini.

"Kukana? Mamangu yu hai. Miye nimkane?"

"Si mama, Bi Mwanasiti. Ni uraia."

"Neno ni hilo hilo."

Nilieleza mpaka koo likakauka. Kwetu Pwani kinachokanwa ni mzazi au dini, na anayefanya hivyo amekosa radhi. Akajitanda kanga yake, akaondoka. Nikamwendea Mkuu nimenuna.

"Muda wa kukana ukipita jalada litafungwa," alisema. "Lakini hatumshiki mtu mkono atie saini."

Wiki haijaisha, Bi Mwanasiti akarudi, kamshika mkono bibi mfupi aliyevuka Horohoro asubuhi ile. Nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe uliyemwambia mwanangu anikane?"

Nilipofungua kinywa akaninyoshea kiganja, akamgeukia bintiye. "Maziwa yangu nimekuhalalishia. Radhi zangu unazo. Tia saini, ukae na wanao."

Alitia saini huku akilia, nami nikalia, afisa mzima mwenye nyota begani! Sijapata kuona furaha kama ile ofisini.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo yangu Pongwe. Maafisa vijana wakinitembelea huwaambia wasome lile tamko polepole, na kwanza wamuulize mwombaji kama wazazi wake wana habari. Wengine hucheka. Mimi husikia bado swali aliloniuliza yule bibi akiwa mlangoni.

"Na miye nikija kumwona mwanangu, n'takuwa mgeni?"

"Kwa sheria, ndiyo, mama."

Akamshika bintiye bega.

"Umesikia, Mwanasiti? Mgeni haingii jikoni. Leo wapika wewe."