Kamba ya Honi

Juzi kwenye soko la Mamboleo niliona mtu akiuza ng'ombe na kubaki na kamba yake, nikamkumbuka Baba. Alikuwa dereva wa injini ya mvuke iliyovuta mabehewa ya miwa hadi kiwanda cha sukari. Mzungu mmoja alikuja kuinunua, ati akaiendeshe kwao kwa kujifurahisha tu. Baba akafungua kamba ya honi, inanuka mafuta na moshi, akanishikisha.

"Ukiuza ng'ombe, kamba inabaki nyumbani ili baraka isiondoke."

Meneja wa kiwanda, Odhiambo, akafoka: "Wewe Mzee, hiyo ni ng'ombe ya babako? Rudisha! Na kesho usikuje kazi."

Odhiambo huyo ndiye aliyetutia njaa, namtaja ingawa nimechoka kumchukia. Lakini siku ile, nikiwa mtoto, nilidhani Baba amepewa likizo. Nikaimba njia yote hadi nyumbani, naye akaniacha niimbe.