Mtu Aliyekuja Juru Kutafuta Wajenzi

Sikuota, sikuwa na homa, na wakati ule nilikuwa bado natunga uzi kwenye sindano bila miwani. Naanza hapo kwa sababu kila nikieleza jambo hili, wajukuu wanacheka, "Koko ameanza tena," na wakubwa wananiuliza kama siku ile nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula! Ugali wa mihogo na maharagwe, mbele ya nyumba yangu hapa Juru, kambini kwetu wakimbizi, mchana, jua linawaka.

Mwanangu Lubunga mwaka ule alikuwa na hamu ya kitu kimoja tu, Kampala. Alikuwa amesikia kuna jengo linapanda kule, etaji juu ya etaji, maduka chini, ofisi katikati, nyumba za watu juu kabisa, na kwamba wanataka vijana wa kubeba mchanga na simenti. Nikamwambia haendi. Baba yake, Wilondja, alikufa njiani tulipokuwa tunakimbia vita kutoka kwetu Fizi, hata kumzika hatukupata nafasi. Watoto wa kiume wengine walikwisha. Nimtoe na huyu?

"Mama, utanifunga hapa sawa mbuzi mpaka siku gani?" Akachukua jembe kwa hasira, akaenda shambani nyuma ya nyumba.

Hapo ndipo mtu yule akafika. Suti ya kahawia, viatu vyeupe kwa vumbi la simenti. Alinisalimia kwa Kiswahili cha Waganda. "Mama, mimi natafuta vijana ya nguvu. Ya kujenga ile nyumba kubwa ya Kampala." Akainua mkono kunionyesha watu watauza nguo wapi, watalala wapi.

Nikamuuliza, "Na maji ya kuoga yatapanda namna gani huko mbinguni?"

Alicheka, lakini sauti haikutoka. "Nipe majina tu, mama. Mimi nikiita, yeye nakuja."

Sisi wakimbizi tumeandikwa mpaka tumezoea. Anayetaka majina huja na karatasi na bic. Huyu alikuwa mikono mitupu. Na mbwa wa jirani, anayebwekea hata kuku, alikuwa amelala chini, kimya. Ningefanya nini? Nikipiga kelele, Lubunga atakuja, na akija atajipeleka mwenyewe. Ndipo nikakumbuka siku za kugawa chakula. Jina la marehemu likiitwa, haitiki mtu, wanapita kwa mwingine. Basi, nikasema moyoni, nitampa wafu. Aite mpaka koo likauke, kisha aende zake.

Nikampa Asukulu, aliyezama ziwani. Nikampa Mmunga, fundi wa baiskeli, aliyekufa kwa kifua. "Mwingine?" Ulimi ukateleza: Wilondja.

Akageukia mahindi yangu yaliyo kando ya nyumba, akaita. Niamini, hakuita tena kama Mganda. Aliita "Asukulu" kama mama yake Asukulu alivyokuwa akimwita jioni, akivuta mwisho wa jina. Na ndani ya mahindi mtu akaitika.

"Niko!"

Mmunga akaitika, akikohoa vilevile. Nikataka kusema basi, baba, lile la mwisho nirudishie, lakini alikuwa amekwisha kuvuta pumzi. Akaita Wilondja. Mume wangu akaitika karibu kabisa, upande wangu wa kushoto, fasi ile, mahali alipokuwa anakaa tukila kule Fizi. "Niko. Ninakuja." Sikuona mtu. Niliona mahindi yakilala na kuinuka kuelekea njia ya Rwekubo, na yule mgeni ametangulia bila kugeuka nyuma.

Lubunga aliporudi akaniuliza ninalia nini. Nikamweleza. Unajua alijibu nini? "Kumbe mtu wa kazi alifika hapa hapa, ukamupa wengine!" Mpaka leo akikosa kitu anasema mimi ndiye niliyemfungia njia. Yuko hai, ana mke, ana watoto, analala na kuamka, na ananilaumu! Nimjibu nini mtu kama huyo?

Na zamani, kila mvua zikianza, Wilondja alikuwa ananijia ndotoni, ananiuliza kama nimepanda. Tangu siku ile hajaja. Nimefunga, nimeomba, mchungaji ameniwekea mikono. Hajaja.

Miaka ikapita. Nikaenda kwa binti yangu Riziki, Mbarara, pale Nyamityobora. Kwenye televisheni yake wakaonyesha jengo lile, limekwisha, vioo vitupu, wakubwa wanakata utepe. Kwenye dirisha la juu kabisa mtu amesimama, amejishika ubavu wa kushoto, kama Wilondja tangu ng'ombe alipomvunja mbavu. Koti la kijani, lile la siku ya kukimbia.

"Riziki, baba yako yule!"

Riziki akatazama. "Mama, ile ni kioo tu." Wakaleta mpira.

Jengo limekwisha. Sasa wanamshikia nini? Kwa nini harudi? Na mimi nikalalamike ofisi gani?

Wewe unayesoma, mtu akikuuliza majina ya watu wako na mkononi hana hata kalamu, mwambie huna mtu. Usimpe aliye hai. Waliokufa pia usimpe. Usidhani wamepumzika. Wakiitwa kazini, wanakwenda.

Mvua ya kwanza ikipiga bati, mimi hunyoosha mkono upande wa kushoto, namwita mwenyewe, Wilondja, nimepanda. Haitiki.