Shemeji Kwenye Usukani

Wivu wa mwanamke husemwa mpaka ukatungiwa vijembe. Wa mwanamume huvaa sare, hupigwa pasi, na asubuhi huripoti kazini kama watu wengine. Ndivyo ulivyokuwa wa Baba Pacha, mshika usukani wa meli ya doria ya jeshi, mtu mzima mwenye mvi za masikioni na moyo ambao, Mungu amsamehe, ulikuwa umeanza kuota kutu.

Kutu ilianzia kwa shemeji yake. Kijana huyo, mdogo wake mkewe, alilelewa nyumbani kwa Baba Pacha tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Baba Pacha ndiye aliyemtia moyo aingie jeshini, na siku moja akamwachia usukani akamwambia, "Usipigane na meli. Iambie kidogo, halafu ngoja ijibu." Kijana akasikia. Akasikia kupita kiasi! Haukupita muda, mabaharia wakitazama nyuma ya meli wakawa wanaona povu limenyooka hadi macho yanapokoma. Wakampa jina: Uzi.

Jina hilo ndilo lililomchoma Baba Pacha. Miaka yote aliyoshika usukani povu lake lilinyooka vilevile, wala hakutokea hata mmoja wa kumwita sindano.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kupumulia. Mama mkwe akija, hajakaa vizuri ameshaanza: "Mwanangu anaendesha meli ya vita, nyie! Likitu lote lile!"

"Na mimi je, mama?"

"Wewe baba umeshazoea."

Mama Pacha alicheka. Mumewe akatazama dirishani kama mtu aliyeitwa nje.

Basi ikatokea mkuu wa washika usukani akastaafu, na nafasi ikabaki wazi. Baba Pacha aliitamani kama mgonjwa anavyotamani usingizi. Hakuwa na nyingine ya kungojea. Umri ulikuwa unamsukuma mlangoni. Lakini nahodha akasema hatampa mtu cheo kwa mvi zake. Yeye na Uzi watapimwa, kila mmoja na zamu yake, na atakayeshika njia vizuri ndiye.

"Na skrini zote nitazifunika," nahodha akasema. "Umeme ukikatika, hizi ni vioo vya kujitazamia tu. Nataka mtu wa dira."

Dira ya meli ile ilisimama mbele ya usukani: sahani yenye tarakimu, ikielea ndani ya kioo, haihitaji waya wala umeme. Ndani yake mna sumaku zinazoitafuta kaskazini. Sasa meli yenyewe ni chuma, na chuma huivuta dira kando. Kwa hiyo mafundi waliiwekea vijisumaku vingine ubavuni vya kuituliza, ikazoea chuma cha meli yake kama mtu anavyozoea kelele za nyumbani kwake. Kikija kitu kigeni karibu, hushtuka.

Siku ya kupimwa kulikuwa na joto. Baba Pacha alitundika koti lake kwenye msumari wa mlangoni, akashika usukani, akasali kimoyomoyo, akaenda vizuri. Sahani ilicheza kidogo kulia, kidogo kushoto, akaibembeleza. Nahodha, ambaye peke yake alikuwa na skrini isiyofunikwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Ikaja zamu ya Uzi. Upepo ulikuwa umeanza kuvuma, na Baba Pacha akavaa koti lake. Mfukoni, upande wa kifua, mlikuwa na redio yake ndogo ya kusikilizia mpira. Akaenda akasimama ubavuni mwa shemeji yake, akainamia dira. Alikuwa anatafuta kosa, hana jingine lililompeleka pale.

Akalipata. Tarakimu zikaanza kuhama. Uzi akazungusha usukani kuzifuata.

"Uzi!" nahodha akapaza sauti. "Unatupeleka wapi, kwa shangazi yako?"

"Samahani, afande. Narekebisha."

Moyo wa Baba Pacha ukapiga vigelegele. Akarudi nyuma hatua moja ili afurahi kwa nafasi. Sahani nayo ikarudi mahali pake.

Akakunja uso. Akainama tena, taratibu, na sahani ikahama tena. Mkono wake ukaenda mfukoni wenyewe. Spika ya redio ina sumaku. Hata mtoto aliyewahi kubomoa redio anajua. Ondoka hapo, moyo ukamwambia. Moyo wa pili ukasema, ngoja kidogo.

Akainama mara ya tatu. Safari hii alikuwa anajua.

Uzi alitupa jicho mara moja kwenye lile koti, akalirudisha kwenye dira. Meli ikapinda kama mlevi.

"Inatosha," nahodha akasema. "Baba Pacha, kazi ni yako."

Jioni Mama Pacha alipika vya kutosha majirani. Uzi akaja na soda za wale pacha, akampa dada yake pole ya jikoni, kisha akamfuata shemeji yake bombani alikokuwa ananawa.

"Hongera, shemeji."

"Asante. Na wewe usijali. Siku nyingine."

"Eeh, siku nyingine. Ila ile redio, shemeji, siku za kazi uwe unaiacha kabatini. Itakuja kukupoteza mwenyewe."

Maji yakaendelea kumwagika. "Ulijua?"

"Si wewe uliyenifundisha kuvua hata saa nikiisogelea dira?"

"Mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya afande kwamba shemeji yangu mkubwa amesimama vibaya? Dada ningemtazama kwa jicho gani?" Kijana akafunga bomba. "Na nilijua umesahau tu."

Umesahau tu. Angemtukana ingekuwa afadhali. Baba Pacha alikaa mezani akihisi wivu umempanda upya, mkali kuliko wa mwanzo, maana sasa hata wema kijana amemzidi.

"Chakula kina nini?" Mama Pacha akauliza.

"Hakina kitu."

"Basi wewe ndiye una kitu."

Asubuhi aligonga mlango wa nahodha, akamwomba waende kwenye usukani. Pale akaitoa redio, akaisogeza kwenye dira. Sahani ikageuka kama shingo ya mtu aliyeitwa. Uzi alikuwa pembeni akipangusa vioo. Kitambaa kikasimama mkononi.

"Afande, jana Uzi hakupotea. Nilimpoteza mimi. Mara ya kwanza sikujua. Ya tatu nilijua."

Nahodha aliisogeza ile redio mbali na dira. Kisha akasema kwa upole uliokuwa mkali kuliko kelele: "Mtapimwa tena. Wewe utakaa mlangoni. Na shaba zote za meli hii utazing'arisha wewe mpaka nione meno yangu."

Wakapimwa tena. Baba Pacha alienda vizuri. Uzi akaenda vizuri zaidi, na cheo kikawa chake. Mshindwa akasimama mlangoni, mikono nyuma, akalitazama povu. Alitafuta walau kona moja. Hakuiona, na bado moyo ulimuuma, kwani kutu haitoki kwa kufutwa mara moja.

"Shemeji," Uzi akaita, macho kwenye dira. "Njoo uniangalie kama naishika sawasawa."

Baba Pacha akapiga hatua, akasita, akajipapasa. "Ngoja kwanza nivue mkanda. Una chuma."

"Na suruali je?" baharia mmoja akadakia.

"Suruali niachie mimi."

Chumba kizima kikaangua kicheko, hata nahodha. Baba Pacha akautundika mkanda msumarini, juu ya koti, akaja taratibu akiwa ameishikilia suruali kwa mkono mmoja, akasimama karibu na shemeji yake. Sahani haikutikisika.