Chenga Usoni kwa Yona

Jamani, bado haijaniingia akilini. Asubuhi hii kidole kilishabonyeza jina lake, nimuulize kama betri zangu ziko kwake. Simu haipatikani, nikaanza kukasirika, ndipo nikakumbuka kwamba Yona tulimzika Lutindi wiki iliyopita.

Kwa msiomjua: Yona alikuwa mpiga video za harusi hapa Korogwe, na mimi Zaina ni mpiga video za harusi hapa hapa. Kazi alinifundisha yeye. Pikipiki yake iligongana na lori akitoka kushuti sherehe Kang'ata, huko Handeni.

Nyie mnaoandika "legend" na vimoyo chini ya picha yake, acheni unafiki. Mwaka mzima hamkumpa kazi, hata ya kushuti kipaimara. Sababu niliwapa mimi.

Alikuwa hana maringo kabisa. Anaingia ukumbini na ngazi begani kama fundi umeme, soksi mbili tofauti. Nilimcheka mbele ya maharusi, na yeye akacheka.

Kazini aligombana na vitu viwili tu. Chenga, zile punjepunje zinazochezacheza kwenye video ya gizani, na gauni la bibi harusi kuungua kwa mwanga mpaka likawa jeupe tupu. "Zai, fundi kashona shanga wiki mbili. Zionekane!"

Nilipopata kamera mpya nikaanza kumtania kwamba ya kwake imezeeka. Akasema sawa, tuzilinganishe, tuposti, watu waamue wenyewe.

Sheria aliiweka yeye: kila mtu akae mbele ya kamera yake, mwenzake ndiye ashuti, asiwepo wa kujipendelea. Nani mwenye akili timamu anampa mshindani wake kamera yake? Yona alinipa.

Tukapanda kwao Lutindi, jikoni kwa mama yake. Ndani giza na moshi, nje ya mlango shuka jeupe limeanikwa juani. Unakaa kwenye kigoda, uso gizani, shuka nyuma yako. Kamera nzuri inavishika vyote viwili.

Alianza kunishuti mimi. Akahangaika na kamera yangu, akapiga magoti kwenye majivu, mpaka uso wangu ukatulia na mikunjo ya shuka ikaonekana. "Umependeza, Zai. Usipumue!"

Zamu yangu ikafika. Wiki ile kulikuwa na harusi ya binti wa mwenye duka la vitambaa pale mjini, na familia haijaamua inachukua nani, mimi au yeye. Nikaibana lensi ya kamera yake, nikapandisha ISO mpaka mwisho, makusudi chenga zijae na shuka liungue. Nikamwambia, "Kaa hivyo hivyo, iko poa."

Niliposti klipu zote mbili. Mimi uso laini kama siagi. Yona chenga uso mzima, shuka limeungua. Mkacheka weee! Mmoja akaandika, "Huyu kashuti kwa pasi." Comment hiyo nikaibandika juu kabisa.

Harusi nikaipata, na zilizofuata. Yona akabaki kufukuzia sherehe za mbali, mara Vugiri kwenye utelezi, mara Kang'ata. Tukikutana ananiuliza kazi zinaendaje. Mimi namjibu, "Badilisha kamera, kaka." Ndiyo, nilisema hivyo, na nilirudia.

Msibani nikapewa jukumu moja: picha ya kubebwa mbele ya jeneza. "Zaina, mwanangu, wewe ndiye mtu wa picha," mama yake akaniambia.

Basi tafuta picha ya Yona uone! Mtu aliyeshuti nusu ya Korogwe, mwenyewe hana picha. Simu yake ilisagika barabarani. Iliyokuwepo nyumbani ni ya darasa la saba. Ikabaki ile klipu niliyomshuti mimi.

Nikakaa na kompyuta kufuta chenga. Nikizifuta, na pua inafutika. Uso ukawa kama kipande cha sabuni. Mama akautazama akasema, "Huyu si mwanangu. Nirudishie yule wa kwanza."

Tukamtembeza na chenga zake mpaka kaburini. Shangazi mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Nani kampiga vibaya hivi?" Sikugeuka.

Juzi mama akanikabidhi kamera ya Yona, polisi walikuwa wameirudisha nzima kwenye begi lake. "Chukua, mwanangu. Alikupenda." Kadi ilikuwa bado ndani, nikaifungua.

Kuna klipu aliyoshuti siku moja baada ya shindano letu. Jiko lile lile, kigoda kile kile, na shuka kwenye kamba ile ile. Aliyekaa ni mama yake. Uso safi, makunyanzi unaweza kuyahesabu. Shuka halijaungua hata kidogo.

Sauti ya Yona inasikika nyuma ya kamera. "Tulia, mama, nahakikisha kitu."

"Kitu gani, na mimi ugali unaungua?"

"Kama tatizo ni kamera au ni mtu."

Halafu akasema polepole, "Ni mtu." Akazima.

Kumbe alijua tangu siku ile. Angeiposti tu, wateja wote wangerudi kwake na mimi ningefunga kazi. Hakuiposti. Aliniacha nile, akaendelea kuniuliza kazi zinaendaje.

Leo naiposti mimi, nakala nilibaki nayo. Itazameni, halafu mnitukane hapa chini, sifuti hata tusi moja. Na ile comment ya pasi bado ipo, mwenyewe ajione.

Yona, kamera yako ilikuwa nzima. Jana nilirudi Lutindi nikamwambia mama yako nani alikupiga vibaya. Alinyoosha mkono tu, nikamrudishia kamera.

Msamaha sikuombi, kaka, sina uso huo. Lala pema.